Kimya Si Kifo: Seva ya Akiba Inajuaje Kwamba Zamu Yake Imefika?

Seva iliyokufa kweli haisumbui sana. Pawa saplai imeungua, feni zimenyamaza, na mashine haitarudi mtandaoni mpaka fundi aifungue. Nodi ya akiba, yaani mashine ya pili inayosubiri, inashika kazi, watumiaji wanahisi mkwamo wa sekunde chache, basi. Kisa hicho ndicho kinachochorwa kwenye michoro ya wauzaji, na ndicho kinachojaribiwa siku ya makabidhiano. Kinacholeta msiba ni kisa kingine: nodi iliyo zamuni haisikiki, na nodi ya akiba haina njia ya uhakika ya kujua kwa nini.

Kuhamisha anwani ya IP kutoka mashine moja hadi nyingine ni kazi ya amri moja. Kujua kwamba una haki ya kuihamisha ndiko kunakowakesha wahandisi. Karibu kila kipengele cha klasta (kundi la mashine zinazotoa huduma moja) ambacho mgeni hukiona ni usumbufu, yaani kura, mashahidi, kebo za ziada na vifaa vya kukata umeme, kimewekwa kwa sababu ya shaka hiyo moja. Ukiielewa shaka, vipengele vyote vinajieleza.

Anwani moja, mashine mbili

Mpangilio wa kawaida uko hivi. Kuna nodi mbili, na kila moja ina anwani yake ya kudumu ambayo msimamizi huitumia kuingia na kufanya marekebisho. Juu ya hizo kuna anwani ya tatu, inayohama, ambayo ni mali ya huduma yenyewe wala si ya mashine yoyote. Watumiaji wanaijua hiyo ya tatu tu. Nodi iliyo zamuni ndiyo inayoibeba. Nodi ya akiba imewaka, ina programu zote na inafuatilia data, lakini haijibu maombi. Zamu ikibadilika, anwani inahama na huduma inahama nayo. Zipo klasta ambamo nodi zote huhudumia kwa wakati mmoja, ila huu mpangilio wa mmoja kazini na mwingine akisubiri ndio uliozoeleka kwenye hifadhidata, seva za mafaili na ruta, na ndio ninaoushughulikia hapa.

Nodi ya akiba hujuaje kwamba mwenzake hayupo? Kwa kusikiliza mapigo ya moyo, yaani ujumbe mfupi ambao nodi iliyo zamuni huutuma kila baada ya muda maalumu. Mfano mzuri wa kujifunzia ni itifaki ya VRRP, iliyotolewa mwaka 1998 katika waraka wa RFC 2338 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) na kupitiwa upya mara kadhaa, ikiwemo katika RFC 9568 ya mwaka 2024. Ilibuniwa kwa ajili ya ruta, lakini programu ya Keepalived imeifanya kuwa maarufu kwenye seva za Linux pia. Nodi iliyo zamuni hutangaza uwepo wake kila sekunde 1 kwenye anwani ya kundi 224.0.0.18. Wa akiba hawatangazi chochote; wanasikiliza tu.

Hesabu ya subira ni rahisi. Nodi ya akiba husubiri muda wa matangazo matatu, kisha huongeza nyongeza ndogo inayotokana na kipaumbele chake: 256 toa kipaumbele, gawanya kwa 256. Nodi yenye kipaumbele cha kawaida cha 100 husubiri sekunde 3 na nyongeza ya 0.61, jumla sekunde 3.61. Yenye kipaumbele cha 200 husubiri sekunde 3.22. Ile nyongeza ina kazi yake: nodi za akiba zikiwa zaidi ya moja, yenye kipaumbele kikubwa huamka kabla ya wenzake na kutangaza, na wengine wanaposikia tangazo hilo wanabaki palepale walipo. Na nodi iliyo zamuni ikizimwa kwa utaratibu, hutuma tangazo la mwisho lenye kipaumbele 0, maana yake "naondoka", na hapo mwenzake husubiri ile nyongeza peke yake. Ndiyo maana kubadilishana zamu kwa ajili ya matengenezo huchukua chini ya sekunde moja, na ajali huchukua karibu nne.

Kishawishi cha kupunguza sekunde hizo ni kikubwa. Toleo la tatu la VRRP linaruhusu matangazo kwa vipande vya mia moja vya sekunde, na wapo wanaoshuka mpaka chini kabisa wakidhani wanaboresha huduma. Nashauri kujizuia. Kadiri subira inavyofupishwa, ndivyo mzigo mdogo wa prosesa au msongamano mfupi kwenye swichi unavyotosha kuhesabiwa kuwa kifo. Programu ya Corosync, inayobeba mawasiliano ya klasta nyingi za Linux, kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha kawaida cha milisekunde 1000. Matoleo ya baadaye yamekipandisha hadi 3000. Waliokuwa karibu na tatizo waliongeza subira.

Mtandao nao una kumbukumbu

Tuseme uamuzi umefanyika na nodi ya akiba imejivika ile anwani. Bado kazi haijaisha, kwa sababu vifaa vya jirani vinakumbuka mambo ya jana.

Kwenye mtandao wa ndani, pakiti haiendi kwa anwani ya IP moja kwa moja. Ruta huuliza kwanza, kwa itifaki ya ARP iliyoelezwa mwaka 1982 katika RFC 826, anwani hii ya IP iko kwenye kadi ipi ya mtandao. Ikipata jibu hulihifadhi. Kwenye ruta za Cisco, muda wa kawaida wa kulihifadhi ni saa 4. Kwa hiyo nodi mpya ikikaa kimya baada ya kushika zamu, ruta itaendelea kupeleka pakiti kwa kadi ya mashine iliyozimika, na msimamizi atajikuna kichwa akiangalia nodi yenye afya kamili isiyopokea chochote.

Dawa yake ni tangazo la ARP lisiloombwa. Nodi mpya inapaza sauti kwa mtandao mzima kwamba anwani hii sasa iko kwenye kadi hii, bila kusubiri kuulizwa. Keepalived hutuma matangazo hayo matano na kuyarudia baada ya sekunde 5, kwa kuwa moja linaweza kupotea. Kwenye IPv6 kazi hiyo hufanywa na ujumbe wa kumtambulisha jirani.

VRRP kwa mujibu wa waraka wake ina njia nadhifu zaidi. Hata anwani ya kadi, ile ya MAC, inahama. Huanza na 00-00-5E-00-01 na kumalizikia na namba ya kundi, hivyo majirani hawana cha kubadilisha. Wanaohitaji kujifunza upya ni swichi peke yao, kwa sababu anwani ileile ya MAC imeonekana kwenye mlango mwingine, na fremu moja tu kutoka kwa nodi mpya inatosha kuwafundisha. Keepalived kwenye Linux haifanyi hivyo mpaka uiagize.

Hapa kuna mitego miwili ambayo haionekani kwenye michoro. Wa kwanza ni swichi zenye ulinzi dhidi ya ulaghai wa ARP. Tangazo lisiloombwa ndilo hasa ambalo mlaghai angelituma, kwa hiyo swichi iliyofungwa vizuri inaweza kulitupa, na zamu ikaishia hewani. Wa pili ni itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye swichi, STP. Katika umbo lake la zamani, mlango wa swichi unaowaka upya hukaa sekunde 15 ukisikiliza na sekunde 15 ukijifunza kabla ya kupitisha data. Nodi inashika zamu kwa sekunde nne, halafu mlango wake unaifungia nje kwa nusu dakika.

Kwenye majukwaa ya wingu, mengi ya haya hayapo kabisa. Mtandao wa pale ni wa programu, matangazo ya kundi mara nyingi hayapiti, na ARP isiyoombwa haihamishi chochote, kwa sababu ni jukwaa linaloamua anwani ipi ni ya mashine ipi. Huko nodi inayoshika zamu inabidi iliombe jukwaa lihamishe anwani, au huduma ikae nyuma ya kigawa mzigo. Wanaonakili mpangilio wa seva zao za ndani na kuupeleka wingu kama ulivyo hugundua hilo siku ya tukio.

Halafu kuna wateja. Muunganisho wa TCP unaishi kwenye kumbukumbu za mashine mbili zinazozungumza, pamoja na namba za mfuatano wa kila baiti. Nodi mpya haina kumbukumbu hiyo. Mteja akituma pakiti ya muunganisho wa zamani, nodi mpya humjibu kwamba haiujui, muunganisho unakatwa papo hapo, na programu nzuri huunganisha upya. Hilo ni jema. Aliye hatarini ni mteja aliyekwisha tuma ombi lake na sasa anasubiri jibu tu. Yeye hatumi kitu, hivyo hakuna wa kumwambia kwamba aliyekuwa akizungumza naye ameondoka. Linux ina utaratibu wa kupima miunganisho iliyotulia, lakini kwa kawaida kipimo cha kwanza hutoka baada ya sekunde 7200, saa mbili nzima, na hutoka endapo tu programu iliomba kipimwe. Aliyekuwa katikati ya kutuma naye hurudiarudia kwa vipindi vinavyorefuka hadi kukata tamaa baada ya takriban dakika 15. Klasta inaweza kuwa imepona zamani na huduma ikaonekana imekufa kwa sababu hizo mbili. Tiba iko upande wa mteja: muda wa kusubiri uwekwe wazi, programu iweze kuunganisha upya, na ombi likirudiwa lisifanye kitendo kilekile mara mbili.

Aliyenyamaza ana mambo gani?

Ukimwita mtu aliye chumba cha pili asiitike, huenda amelala, ameziba masikio, ametoka, au amefariki. Na huenda wewe ndiye sauti imekukauka. Nodi ya akiba iko katika hali hiyohiyo. Mapigo yakikoma, mwenzake anaweza kuwa amezimika. Anaweza kuwa hai kabisa, akihudumia watumiaji, ila kebo kati yao imekatika. Anaweza kuwa amebanwa na diski isiyojibu. Kama ni mashine pepe, yaani mashine ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva, anaweza kuwa amegandishwa kwa muda wakati anahamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, na ataamka baada ya sekunde kadhaa bila kujua kwamba muda umepita. Au kadi ya mtandao iliyokufa ni ya nodi ya akiba yenyewe.

Ugumu huu hautokani na uzembe wa waandishi wa programu. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba katika mtandao usio na kikomo cha ucheleweshaji, hakuna kanuni inayoweza kuhakikisha kwamba nodi zitafikia makubaliano, hata kama ni nodi moja tu inayoweza kusimama. Kiini chake ni kwamba huwezi kutofautisha aliyekufa na aliyechelewa. Kila kikomo cha muda unachokiweka ni makisio. Mfumo mzuri ni ule ambao makisio yake yakikosea hayaharibu kitu.

Yakikosea, nodi zote mbili zinajiona ziko zamuni. Anwani moja inabebwa na mashine mbili, na majirani wanabadili mawazo kila wanaposikia tangazo jipya: ombi hili linaenda huku, lile kule. Kwa ruta mbili hili ni kero inayopita. Kwa hifadhidata ni historia mbili za data ambazo hakuna programu itakayoziunganisha kwa usalama. Na kama nodi hizo zinatumia diski moja ya pamoja yenye mfumo wa mafaili wa kawaida kama ext4 au XFS, ambao haukuundwa kwa waandishi wawili, mafaili yanaweza kuharibika ndani ya muda mfupi kiasi cha kutorekebishika.

Tarehe 22 Desemba 2012 mambo haya yalitokea hadharani. GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo wa programu, ambayo ina desturi njema ya kueleza matukio yake waziwazi, ilikuwa na seva za mafaili zilizopangwa mbilimbili, na kila mbili ziliwekwa kwenye kabati tofauti kwa makusudi ya usalama. Katika matengenezo ya swichi, mtandao uliganda kwa takriban sekunde 90. Mapigo kati ya kabati yakakoma. Nodi nyingi zikaamua kwamba wenzao wamekufa, zikatuma amri ya kuwazima na kujaribu kushika kazi yao. Baadhi ya amri hizo hazikufika, kwa sababu zilipitia mtandao uleule ulioganda. Mtandao uliporudi, jozi kadhaa zilikuwa na nodi mbili, kila moja ikiamini iko zamuni. Zikazimana. Mwisho wake jozi hizo zilibaki na nodi zote mbili zikiwa chini, na wahandisi wakalazimika kuzirudisha kwa mkono.

Ninachokiona cha thamani katika tukio hilo ni kwamba hakuna seva iliyokuwa mbovu. Sekunde 90 za kimya, na mashine zenye afya zikaangamizana. Kutenganisha kabati kulilinda dhidi ya kabati kuungua, lakini kukayaacha mapigo, na hata amri za kuzimana, mikononi mwa swichi zilezile.

Hatua ya kwanza ya kujikinga kwa hiyo ni njia za mapigo. Ziwe mbili au zaidi, na zisikutane mahali popote: kebo ya moja kwa moja kati ya nodi mbili kama ziko karibu, na mtandao wa kawaida kama njia ya pili. Corosync ya toleo la 3 inakubali hadi njia 8. Ndani ya kila nodi, kadi mbili za mtandao zinaweza kufungwa pamoja, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri, ili kebo moja kuchomoka kusihesabike kuwa tukio la klasta. Fuata kebo kwa macho mpaka mwisho wake. Kadi mbili zinazoishia kwenye swichi moja ni njia moja.

Kura na shahidi

Hatua ya pili ni akidi. Badala ya kila nodi kujiamulia, klasta inapiga kura, na upande wenye zaidi ya nusu ya kura ndio pekee wenye ruhusa ya kuhudumia. Nodi tatu zinahitaji 2, nodi tano zinahitaji 3. Mtandao ukikatika vipande, hapawezi kuwa na pande mbili zenye wingi kwa wakati mmoja. Nodi nne zinahitaji 3, hivyo zinavumilia kupoteza moja tu, sawasawa na nodi tatu. Ndiyo sababu idadi witiri hupendelewa.

Klasta ya nodi mbili, ambayo imeenea sana kwa sababu ya gharama, haina akidi yenye maana. Zaidi ya nusu ya mbili ni mbili. Mmoja akipotea, aliyebaki hana wingi. Suluhisho safi ni shahidi wa tatu: mashine ndogo au huduma ndogo isiyobeba data wala kuhudumia watumiaji, iliyo na kura moja tu. Kama shahidi yuko kwenye kabati moja na nodi mojawapo, kabati hiyo ikizimika utapoteza kura mbili kwa mpigo. Anatakiwa awe kwenye umeme mwingine na mtandao mwingine.

Asipokuwepo shahidi, Corosync ina hali maalumu ya nodi mbili, inayoruhusu mmoja aendelee peke yake, lakini kwa sharti moja: nodi ikiwashwa upya haianzishi chochote mpaka imwone mwenzake walau mara moja. Sharti hilo linazuia mzunguko mbaya. Bila hilo, nodi iliyozimwa kwa sababu ya kebo mbovu ingewaka, isingemsikia mwenzake, ingemzima, naye akiwaka angeizima tena, na kuendelea hivyo.

Kuhakikisha aliyenyamaza hatainuka

Akidi hata hivyo inadai jambo ambalo huwezi kulihakikisha: kwamba upande wenye kura chache utajijua na kujisimamisha. Nodi iliyoganda haijijui. Imesimama katikati ya kuandika kwenye diski, klasta imepiga kura, zamu imekwenda kwingine, na sekunde 20 baadaye inaamka na kumalizia sentensi yake. Haikuasi. Kwa saa yake, hakuna muda uliopita.

Ndiyo maana kuna hatua ya tatu, ambayo mimi naiona ni nguzo ya klasta yoyote inayotunza data: kabla ya kushika zamu, mzime mwenzako na upate uthibitisho kwamba amezimika. Katika klasta za Linux utaratibu huu unaitwa STONITH. Shaka haiondolewi kwa kusubiri zaidi. Inaondolewa kwa kulazimisha ukweli. Ulikuwa hujui kama mwenzako yu hai. Sasa unajua hayuko, kwa sababu umemkatia umeme.

Njia ziko kadhaa. Ya kwanza ni kuutumia ubao wa usimamizi ulio ndani ya seva, kwa itifaki ya IPMI. Ya pili ni soketi za umeme zinazoongozwa kwa mtandao. Ya tatu haimzimi bali inamfungia nje ya diski ya pamoja: nodi zinajisajili kwenye hifadhi yenyewe, na usajili wa aliyetengwa unafutwa, kwa hiyo hata akiamka maandishi yake yanakataliwa. Ya nne ni kipima muda cha kwenye kifaa, ambacho huiwasha upya seva ikiwa programu ya klasta haijakigusa kwa muda fulani. Nodi iliyoganda haiwezi kukigusa, basi inajimaliza yenyewe.

IPMI ina kasoro inayostahili kukaziwa. Ubao wake unapata umeme kutoka pawa saplai zilezile za seva. Seva ikipoteza umeme wote, ubao nao unanyamaza, amri ya kuzima haijibiwi, uthibitisho haupatikani, na klasta inasubiri bila kikomo, katika kile kisa rahisi cha kifo cha kweli. Programu inafanya sawa, inakataa kukisia. Kwa sababu hiyo IPMI pekee haitoshi. Iwekewe njia ya pili nyuma yake, kama zile soketi za umeme.

Na ili nodi mbili zisizimane kwa wakati mmoja, moja hupewa ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla ya kutuma amri. Mapigo yakikatika, isiyo na ucheleweshaji inashinda, na nyingine inazimika kabla haijajibu. Upendeleo huo mdogo unaamua nani atabaki, kwa hiyo mpe ushindi aliye zamuni.

Pacemaker, programu inayosimamia huduma kwenye klasta za Linux, ina mpangilio unaokuruhusu kuzima STONITH kabisa, na wengi huizima kwa sababu klasta inagoma kuanzisha huduma bila hiyo. Baada ya kuizima kila kitu kinawaka kijani. Klasta ya namna hiyo inayotunza hifadhidata kwenye diski ya pamoja ni hatari kuliko seva moja isiyo na akiba. Seva moja ikianguka, huduma inakosekana. Hiyo klasta ikikosea, data inakosekana. Vivyo hivyo kwa Keepalived inapowekwa peke yake mbele ya hifadhidata. VRRP haina kura wala utaratibu wa kuzimana, kwa kuwa ilibuniwa kwa ruta, ambazo zikijibu mbili kwa dakika moja hazipotezi rekodi ya mtu. Si kosa lake kwamba inabebeshwa mzigo usio wake.

Aliyeshika zamu ana data yote?

Kura zinaweza kwenda sawa na bado mambo yakaharibika. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub hiyohiyo ilipoteza mawasiliano kati ya kitovu chake cha mtandao cha mashariki mwa Marekani na kituo chake kikuu cha data upande huohuo. Ilikuwa wakati wa kubadilisha kifaa cha mawasiliano ya mwanga. Mawasiliano yalirudi baada ya sekunde 43. Lakini programu iliyosimamia hifadhidata zao, Orchestrator, ilipiga kura kama ilivyofundishwa. Nodi zake za magharibi na zile za kwenye wingu upande wa mashariki zikapata akidi, zikaupandisha upande wa magharibi kuwa mkuu, na maandishi mapya yakaanza kwenda huko.

Tatizo ni kwamba hifadhidata za mashariki zilikuwa na maandishi ya sekunde chache yasiyokuwa yamefika magharibi. Magharibi nako kukawa na maandishi yasiyokuwepo mashariki. Hakukuwa na njia ya kurudi nyuma bila kutupa kitu cha mtu. Juu ya hayo, programu za mashariki sasa zilipaswa kuvuka bara zima kwa kila andiko. GitHub iliamua kulinda data kwanza na kuvumilia huduma mbovu. Sekunde 43 zikazaa saa 24 na dakika 11.

Akidi inajibu swali la nani aruhusiwe kushika zamu. Haijibu kama anayeishika amekwisha pokea kila kilichoandikwa. Hilo linategemea namna data inavyonakiliwa. Nodi iliyo zamuni ikisubiri nakala ifike kwa mwenzake kabla ya kumjibu mteja, hakuna kinachopotea, ila kila andiko hulipa gharama ya safari. Isiposubiri, kasi ni nzuri na kuna sekunde kadhaa za data zilizo hatarini wakati wote. Kwenye chumba kimoja ningechagua kusubiri bila kusita. Kwa vituo vilivyo mbali, afadhali mabadiliko ya zamu kati ya vituo yaidhinishwe na binadamu, na mashine ziachiwe zamu za ndani ya kituo.

Kurudisha zamu ni jambo dogo lenye madhara makubwa likisahaulika. VRRP kwa kawaida humrudishia zamu mwenye kipaumbele kikubwa mara tu anaporejea. Kama anarejea na kuanguka kila baada ya dakika chache, huduma itayumba naye. Zuia kurudi kwa hiari, na urudishe mwenyewe ukiisha jua kilichomwangusha.

Kujaribu kimya, si kifo tu

Kuchomoa umeme ni jaribio dhaifu kuliko yote, kwa kuwa linajaribu kile kisa rahisi. Chomoa kebo ya mapigo ukiacha ya huduma. Kisha ya huduma ukiacha ya mapigo. Zuia pakiti za upande mmoja tu, ili nodi A imsikie B lakini B asimsikie A. Gandisha programu ya klasta kwa ishara ya SIGSTOP, subiri, iamshe kwa SIGCONT, uone kama inajaribu kuendelea na kazi isiyo yake tena. Jaza diski. Uangushe mchakato wa huduma ukiacha mashine ikiwa nzima, maana mapigo yanathibitisha uhai wa mashine, si wa huduma, na nodi inaweza kutangaza kila sekunde kwamba ipo huku hifadhidata yake imesimama.

Kipimo cha afya ya huduma chenyewe kinahitaji kiasi. Septemba 2012, mzigo mkubwa kwenye hifadhidata ya GitHub ulikifanya kipimo kishindwe, na zamu ikahamia kwa nodi ambayo kumbukumbu yake ilikuwa bado haijajaa data inayotumika mara kwa mara. Nodi hiyo ilikuwa dhaifu kuliko ile iliyoondolewa. Hifadhidata iliyoelemewa haiponi kwa kukabidhi mzigo uleule kwa mwenzake aliye baridi.

Katika kila jaribio, pima muda kutoka kwa mteja, si kutoka kwenye kumbukumbu za matukio (log) za klasta. Klasta huhesabu kwamba imemaliza pale ilipojivika anwani, wakati ruta na wateja huenda bado wanasubiri. Halafu chukua kumbukumbu za nodi zote mbili, hakikisha saa zao zinalingana, na uziweke sambamba. Tafuta kipindi ambamo kila moja iliandika kwamba iko zamuni. Ukikipata, hata kiwe cha sekunde moja, na data iko kwenye diski ya pamoja, klasta hiyo bado haijawa tayari kupokea watumiaji.